Ijue kwanza bei itakayoiua kampuni

Ukiajiriwa leo kwenye idara ya hazina ya kampuni inayochimba mafuta, ndugu na jamaa watakuuliza swali moja tu: bei itapanda au itashuka? Jibu la kweli ni kwamba hujui, na hulipwi kwa kujua. Unalipwa ujue jambo jingine: bei ikishuka hadi wapi, kampuni yako itashindwa kulipa riba, kulipa mishahara na kuendelea kuchimba. Itafute namba hiyo kabla hujafungua skrini ya bei. Kazi nzima ya kinga ya bei, au hejingi kama tunavyoiita ofisini, imesimama juu yake.

Chukua kampuni ya ukubwa wa kati hapa Texas, yenye visima kwenye bonde la Permian, aina ambayo nimeifanyia kazi. Weka gharama ya kutoa pipa ardhini na kulifikisha kwa mnunuzi, mrabaha wa mwenye ardhi, kodi ya jimbo, riba ya benki, kisha fedha za kuchimba visima vipya. Hizo za visima vipya usizifanyie mzaha. Kisima cha mwamba wa shale hupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji wake ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo ukiacha kuchimba mapato yanaporomoka hata kama bei imetulia palepale. Jumlisha vyote, gawa kwa mapipa. Tuseme jibu ni dola 52. Chini ya hapo bajeti haisimami; na tuseme chini ya 44 hata benki hailipiki. Sasa una kitu cha kukinga.

Jitu kama ExxonMobil, lenye viwanda vya kusafisha mafuta na mizania nene, kwa miaka mingi limeyaacha mafuta yake yafuate soko, na halijakosea. Kampuni yenye deni zito ikiiga mtindo huo inacheza kamari kwa fedha za watu, hata kama bosi atauita ujasiri.

Chombo rahisi kuliko vyote ni swapu. Mnakubaliana na benki: mapipa 1,000 kwa siku, mwezi wa Oktoba, dola 65. Mwezi ukiisha mnachukua wastani wa bei za kufungia za NYMEX, soko la bidhaa la New York, kwa kila siku ya kazi. Wastani ukiwa 58, benki inakulipa dola 7 kwa pipa, mara mapipa 31,000, yaani dola 217,000. Ukiwa 72, wewe ndiye unayelipa hizo 217,000. Mafuta yenyewe hayaguswi. Yanaenda kwa mnunuzi wako wa siku zote, kwa bei ya soko. Wanaoanza huchanganya hapa kila mwaka, wakidhani benki imenunua mafuta. Benki haitaki hata tone.

Puti ni tofauti: unalipa ada mwanzoni, unapata haki ya kuuza kwa bei fulani, na bei ikipanda unafaidi yote. Mteja mkubwa wa aina hii ni serikali ya Mexico, ambayo wizara yake ya fedha imekuwa ikijikinga hivyo ili bajeti ya taifa isiyumbe. Kwa mwaka 2009 walijiwekea sakafu, yaani bei ya chini kabisa, ya dola 70. Mafuta, yaliyokuwa yamevuka dola 147 Julai 2008, yalikuwa kwenye thelathini na kitu Desemba ileile, na Mexico ikalipwa takriban dola bilioni 5.1. Kwa mwaka 2015 walilipa ada ya dola milioni 773 hivi kwa sakafu ya 76.40, wakavuna zaidi ya bilioni 6. Katikati hapo ilipita miaka ambayo ada iliteketea bila kurudisha hata senti, na wanasiasa wakauliza fedha zimekwenda wapi.

Kampuni nyingi hazipendi kutoa ada. Ndiyo maana kuna kola: unanunua puti, tuseme ya 60, kisha unaiuzia benki koli ya 75, yaani haki ya kununua kwa bei hiyo, na ada mbili zinafutana. Sakafu yako ni 60, dari yako ni 75. Ni chombo cha heshima, sina neno nacho.

Neno ninalo na kola ya miguu mitatu, na hapa naomba usome taratibu. Dalali atakuja na tabasamu akuambie dari yako inaweza kupanda kutoka 75 hadi 80, bila kutoa senti. Inawezekanaje? Unauza puti ya pili, ya chini, tuseme ya 45. Sasa piga hesabu mwenyewe kwenye Excel, safu moja kwa kila bei. Mafuta yakiwa 50, unapata fidia ya 10, jumla 60. Safi. Yakiwa 45, fidia ni 15, jumla 60. Bado safi. Yakiwa 40, fidia inabaki 15, jumla 55. Yakiwa 30, fidia ni 15 ileile, jumla 45. Kumbuka bajeti yetu inakufa chini ya 52. Kwa hiyo umenunua kinga inayofanya kazi mvua ikiwa manyunyu na kukuacha ikiwa gharika. Kampuni kadhaa za Marekani ziliingia kwenye mporomoko wa 2015, na tena wa 2020, zikiwa na mikataba ya namna hii, na taarifa zao kwa wenye hisa zilikuwa zimeonyesha asilimia nzuri ya mapipa "yaliyokingwa". Mtu akikwambia tumekinga asilimia 70, muulize: kwa chombo gani, na kwa bei ya 30 tunapata ngapi?

Jambo la pili linalowapiga wageni ni kwamba bei ya kwenye skrini si bei yako. Swapu ya kawaida inafuata mafuta ya WTI, kipimo cha bei cha Marekani, yanayokabidhiwa Cushing, Oklahoma. Mafuta yako yako Midland, magharibi mwa Texas, mamia ya kilomita kutoka hapo. Siku nyingi tofauti ni ndogo na hakuna anayeijali. Mwaka 2018 uzalishaji wa Permian uliyazidi mabomba, mafuta yakakosa njia ya kutoka, na pipa la Midland likauzwa kwa zaidi ya dola 15 chini ya lile la Cushing. Aliyekuwa na swapu ya Cushing pekee alijikuta pabaya pande zote mbili: skrini inasema bei imepanda, kwa hiyo anailipa benki, huku mnunuzi wake anampa bei ya chini. Tofauti hiyo ya mahali ina swapu yake, inayouzwa peke yake, na wakati mzuri wa kuinunua ni pale inapoonekana haina maana. Ukisoma kwenye gazeti kwamba mabomba yanakaribia kujaa, ujue umechelewa.

Kwa wasomaji wa nyumbani, hili litatuhusu sote karibuni. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, kiasi kwamba bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Atakayeyakinga kwa bei ya Brent, kipimo cha bei cha kimataifa, akumbuke kwamba Brent haijui habari za nta wala nauli ya bomba.

Idadi ya mapipa nayo. Usikinge mapipa usiyo na uhakika nayo. Tunayagawa mafungu: visima vinavyotoa tayari, visima vilivyochimbwa vinasubiri kufunguliwa, na visima vilivyo kwenye karatasi. Fungu la kwanza unaweza kulikinga kwa sehemu kubwa, hasa kwa miezi 12 ijayo. La mwisho, uliache. Benki zinazokopesha kwa dhamana ya akiba ya ardhini hupima upya mkopo mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya mapukutiko, na nyingi zinalazimisha ukinge kiasi cha chini, kisha zinakuwekea pia kikomo cha juu. Wageni hukielewa cha chini haraka, cha juu wakaona ni urasimu. Februari 2021 ilionyesha kwa nini kipo: baridi kali iligandisha visima vya Texas. Gesi ikapaa hadi mamia ya dola kwenye vituo ambako kawaida ni dola mbili tatu. Mzalishaji aliyekuwa ameahidi gesi kwa bei ya kudumu, na visima vyake vimeganda, alilazimika kununua kwa bei ile ili atimize ahadi. Bei iliyopanda ndiyo iliyomuumiza, yeye mzalishaji.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hatari ninayoiogopa kuliko bei kushuka: kukosa fedha taslimu wakati kinga inakwenda kinyume nawe. Mfano wake bora hautoki kwenye mafuta bali kwenye dhahabu, na una mguu Tanzania. Ashanti Goldfields ya Ghana ilikuwa imeuza mbele, yaani imefunga bei kabla ya kuichimba, dhahabu nyingi kupita kiasi, kwa mikataba iliyochanganyikana. Tarehe 26 Septemba 1999 benki kuu za Ulaya zikatangaza kuwekea kikomo mauzo yao ya dhahabu. Wakia iliyokuwa chini ya dola 270 ikavuka 320 ndani ya siku chache. Kwa mchimba dhahabu ilipaswa kuwa sherehe. Badala yake benki zilizokuwa upande wa pili wa mikataba zikadai dhamana ya ziada ya takriban dola milioni 270, taslimu, ambazo Ashanti haikuwa nazo. Dhahabu ilikuwepo, ila ilikuwa bado chini ya ardhi, na benki haipokei mwamba. Wakati huo kampuni ilikuwa inaujenga mgodi wa Geita. Mwaka 2000 ikalazimika kuuza nusu ya mgodi huo kwa AngloGold.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, fungua ukurasa wa dhamana kwenye mkataba na usome mstari kwa mstari. Kampuni za ukubwa wetu kwa kawaida hujikinga na benki zilezile zilizozikopesha. Rehani ya visima inalinda mkopo na kinga kwa pamoja, na bei ikipanda hakuna anayepiga simu kudai taslimu. Ukijikinga na mtu wa nje ya kundi hilo, au kwenye soko la bidhaa kama NYMEX moja kwa moja, piga hesabu: bei ikipanda dola 30 ndani ya mwezi, nitadaiwa kiasi gani, na kitatoka wapi?

Kuna kishawishi kingine, kuuza kinga mapema ikiwa ina faida. Mwanzoni mwa Novemba 2014 Continental Resources ya Harold Hamm ilitangaza kuuza karibu kinga zake zote za mafuta kwa takriban dola milioni 433, ikiamini bei imefika chini. Pipa lilikuwa karibu na dola 80. Januari lilikuwa chini ya 50, na Februari 2016 likagusa 26. Kampuni haikufa, ilikuwa na nguvu zake. Ya kwako je? Angalia tena namba yako ya 52.

Kwa mambo ya uhasibu sitakuchosha hapa, ila ujue kwamba kila robo mwaka vitabu vitaonyesha faida au hasara ya mikataba ambayo haijafika siku yake, na wakurugenzi wataisoma kama fedha iliyopotea. Mwaka 2022, pipa lilipovuka dola 120, kampuni za Marekani zililipa mabilioni kwa kinga zilizowekwa bei ilipokuwa chini, na vikao vilikuwa vya moto. Jilinde mapema: siku ya kuweka kinga, andika ukurasa mmoja unaosema tunakinga nini, kwa sababu gani, na kwa bei ya 100 tutalipa kiasi gani, kisha bodi iusaini. Usisubiri 100 ifike ndipo uanze kueleza.

Mwisho ni kazi ya mikono, inayodharauliwa. Omba bei kwa benki tatu kwa wakati mmoja, dakika ileile. Ukikubali, mrudishie mwenzako kwa sauti: nauza, mapipa 1,000 kwa siku, Januari hadi Desemba, wastani wa mwezi, 65.20. "Nauza" itamke vizuri. Nimesikia mtu akisema "nanunua" na wote wawili wakaendelea na mazungumzo. Hati ya uthibitisho ikifika jioni, ilinganishe na daftari lako kabla hujaenda nyumbani: upande, kiasi, miezi, kipimo cha bei, tarehe ya malipo. Kosa la jioni hiyo hurekebishwa kwa barua pepe moja. La mwezi wa tatu linahitaji mawakili.