Muulize Fundi: Nyumba imepinda hivi na bado imesimama?

SWALI: Habari fundi, pole na kazi. Ndugu yangu mdogo alienda Uingereza kazi ya kutunza wazee, sai amepanga chumba kwa nyumba moja ya kijiji huko Kent, wenyewe wanasema iko na zaidi ya miaka 500. Ametuma picha kwa grupu ya familia tukashangaa, nguzo za mbao zimepinda, katikati ni ukuta mweupe, ghorofa ya juu imetokeza nje kuliko ya chini, na anasema ukiweka mpira sakafuni unajiendea wenyewe mpaka kona. Mama anataka ahame leo. Hiyo nyumba imeshikwa na nini? Halafu mwenye nyumba amemkataza hata kupiga msumari, si hiyo ni kuonea mtu? Ya mwisho, nyumba yetu ya ushago ni ya miti na matope, aliijenga babu, tumechanga pesa tuipige plasta ya simiti Disemba hii, tuanzie wapi? – Mama Tasha, Umoja

JIBU: Mama Tasha, mwambie mama atulie. Hapa Nairobi tumezoea nyumba ya mawe, jiwe juu ya jiwe, ukuta ndio unabeba kila kitu, kwa hivyo tukiona ukuta umelala tunakimbia na tuko sawa kabisa kukimbia. Lakini hiyo ya Kent ukuta haubebi kitu. Kinachobeba ni zile mbao. Kuna boriti inalala chini juu ya mawe ya msingi, nguzo zinasimama juu yake, boriti ingine inafunga juu, halafu kuna vipande vya kukingama vinashika kona zisiyumbe. Mbao moja inachongwa ulimi, ingine inatobolewa shimo, ulimi unaingia ndani, kisha wanapitisha kigingi cha mti, na seremala wa zamani alikuwa anatoboa matundu ya kigingi makusudi yasilingane kabisa, ndio kigingi kikigongwa kinavuta hizo mbao mbili mpaka zinabanana. Hakuna msumari hapo.

Sasa kupinda. Walikuwa wanatumia mwaloni mbichi, mti umekatwa juzi, juu mwaloni ukikauka unakuwa mgumu hata patasi inakataa. Wakishasimamisha nyumba ndio mbao inaanza kukauka ikiwa imeshafungwa, inajikunja, inasinyaa, na nyumba nzima inajiweka vile inataka. Sehemu kubwa ya kupinda huko kulitokea wakati waliojenga bado wako hai. Mwambie ndugu yako achukue tochi amulike pale mbao zinakutana, huenda akapata namba za Kirumi zimekwaruzwa, hizo ni alama za seremala, kwa sababu fremu ilikuwa inaunganishwa kwanza chini pale karakana, inafunguliwa, inabebwa, inaunganishwa tena kwa ploti. Na inaweza kufunguliwa tena hata baada ya karne nyingi. Kuna moja inaitwa Bayleaf, ya hapo hapo Kent, kijiji cha Chiddingstone, mwishoni mwa miaka ya 1960 bwawa la maji lilikuwa linaenda kufunika mahali pake, wakaifungua kipande kwa kipande wakaenda kuisimamisha kwa makumbusho ya Weald and Downland, West Sussex, na iko huko mpaka leo.

Na nyumba nyingi za umri huo Kent zilianza bila bomba la moshi, moto unawashwa chini katikati ya chumba kikubwa kisicho na dari, moshi unapanda wenyewe unatokea kwa paa. Ukipanda juu ya dari unakuta miti ya paa bado nyeusi tii kwa masizi. Mimi nikisoma hayo naona jiko la nyanya yangu Murang'a, miti ya paa imeng'aa kwa moshi.

Hapa sasa ndio nataka usome polepole. Ule ukuta mweupe kati ya nguzo mnaupenda kwa picha, ndani ni fito zimesukwa, zimekandikwa udongo uliokanyagwa pamoja na nyasi kavu na mavi ya ng'ombe, juu ikapakwa chokaa. Yaani ni nyumba ya babu yako. Mbao tofauti, mvua tofauti, lakini fundi wa Kent na babu yako wangeelewana bila mkalimani.

Ndio maana naomba msipige simiti. Kule Uingereza walifanya hilo kosa sana karne iliyopita. Simiti ni ngumu, mbao na udongo vinacheza kidogo kila msimu, inapasuka nyufa ndogo, maji yanaingia hapo na hayana pa kutokea, yanateremka mpaka kwa ile boriti ya chini na inaoza. Sai mafundi wao wanabandua simiti warudishe udongo na chokaa. Kwa nyanya yangu tuliletewa fundi akafunga waya na kupiga plasta safi kabisa, majirani wakaja kuona. Mvua ya tatu nguzo mbili zilikuwa unga mtupu nyuma ya plasta, mchwa walikula pole pole na hakuna mtu aliona juu kila kitu kilikuwa kimefunikwa. Hiyo nyumba haipo tena na bado inaniuma.

Anzeni na paa, mabati yatokeze ukuta vizuri mvua isiupige. Chimbeni mfereji maji yahame hapo chini. Kila nguzo idungwe kisu pale inaingia ardhini, kikizama kama kwa ndizi mbivu ukate kipande kilichooza uunge kingine kigumu. Ukuta mkandike upya na udongo, kama mnataka iwe nyeupe pakeni chokaa, na mngoje Januari jua likishika. Tafuteni mama mzee mmoja wa hapo kijijini awaonyeshe kipimo cha mavi ya ng'ombe akiwa bado yuko na nguvu.

Msumari: hizo nyumba za zamani nyingi ziko kwa orodha ya majengo yanayolindwa, kubadilisha jengo bila ruhusa ni kosa la jinai hata kwa mwenyewe. Msumari mmoja pengine hautampeleka korti, lakini chuma kikigusa mwaloni kunaacha doa jeusi, na huo udongo ukigongwa unamomonyoka. Aheshimu tu.

SWALI: Fundi, nimesikia mbao za hizo nyumba zilitoka kwa meli za vita zilizovunjwa, ati ndio maana ziko na mashimo yasiyo na kazi. Ni kweli? – Kevo, Rongai

JIBU: Mara nyingi sana si kweli, Kevo. Nimeshasema mwaloni mkavu haukubali patasi, na mbao za meli zimekatwa kwa pinda za meli, kuzigeuza kuwa nyumba ni kazi ya kuvunja moyo. Zingine zilitoka kwa nyumba nyingine iliyobomolewa, na mara nyingi shimo tupu ni mahali palikuwa na ukuta, dirisha ama ngazi ikaondolewa. Ukiyafuata moja baada ya lingine unaweza kuchora nyumba vile ilikuwa mwanzo, mlango uliingilia wapi, na watu walilala upande gani wa moto.