Gari lilikuwa Pongwe, deni likatoka Dar

Barua za mwezi huu zimenirudisha getini. Nimefanya kazi ya maegesho hapa Tanga miaka 11: minane ya kwanza nikiandika namba za magari kwenye kauntabuku, mitatu ya mwisho nikiwa na mashine mkononi na kamera juu ya kichwa. Nimechagua barua nne.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Probox, namba D, nilinunua mwaka jana kwa mtu wa Dar. Juzi nimeangalia kwenye simu nikakuta nadaiwa ushuru wa maegesho wa siku tatu, zote Dar es Salaam. Siku mbili ni za kabla sijalinunua. Ya tatu gari lilikuwa kwa fundi Pongwe, injini imeteremshwa. Nilipopiga simu kuuliza nikajibiwa, “Mfumo haukosei.” Nilipe tu yaishe?
*Mama wa duka la vitambaa, Barabara ya 12, Ngamiani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilipe yote, wala usiyakatae yote. Hapo una madeni ya aina mbili, tuyatenganishe.

Zile siku mbili ni za yule bwana. Shida ni kwamba deni la maegesho huandikwa kwenye namba ya gari, si kwenye jina la mtu, kwa hiyo gari likiuzwa linahama na madeni yake. Toa mkataba wenu wa mauziano, mwonyeshe tarehe, umtake alipe. Na wewe unayesoma hapa ukiwa mbioni kununua gari la mkononi, kabla hujahesabu pesa ingiza namba ya gari kwenye simu uone linadaiwa nini. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, deni likatwe kwenye bei.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniuma. Hilo neno “mfumo haukosei” nimelisikia likisemwa na watu waungwana kabisa, na si kweli. Barabarani mara nyingi hakuna hata kamera. Kuna kijana au binti amesimama juani, anabonyeza namba kwa kidole gumba huku gari linaondoka. Kwenye maegesho ya kamera, programu inatafuta ule mstatili wa pleti kwenye picha, inaukata herufi mojamoja, inalinganisha kila moja na maumbo iliyofundishwa, kisha inachagua linalofanana zaidi. Inachagua, mwanangu, na anayechagua huweza kuchagua siko.

Namba zetu zina mpangilio: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Programu iliyofundishwa mpangilio huu haiwezi kuweka B mahali pa 8, maana inajua hapo panataka tarakimu. Iliyotengenezwa kwa namba za nchi nyingine na kuletwa vilevile, hiyo itachanganya 8 na B, 0 na O, 5 na S mchana kweupe. Hata iliyofundishwa vizuri hubaki na 1 na 7, 3 na 8, E na F, hasa pleti ikiwa na tope au skrubu imepigwa juu ya herufi. Nenda katazame pleti za gari lako sasa hivi. Nimeona skrubu moja nyeusi ikigeuza C kuwa G mwaka mzima.

Nikueleze lililonipata mimi mwenyewe. Usiku mmoja wa masika, mvua ya upepo, kauntabuku limelowa pembeni, niliandika 187 badala ya 181. Asubuhi mwenye 187, mwalimu mtu mzima, akazuiwa na mwenzangu wa zamu ya mchana kwamba amelaza gari na hajalipa. Nilipoitwa nikamkuta amesimama na kanzu yake nyeupe, mkono juu ya mlango wa gari, hakugomba. Alisema tu, “Mimi nililala kwangu.” Nikafungua daftari. Mstari ule ulikuwa umelowa, wino umetambaa, na ile saba ilikuwa na mkia ambao si wa saba zangu nyingine. Nikajua ni kosa langu kwa kuangalia mwandiko wangu, nikamwomba radhi mbele ya watu.

Kwenye mashine huna mkia wa saba wa kuangalia. Kosa linachapwa kwa herufi nzuri zilezile zinazochapa ukweli, na mtu wa ofisini akiiona karatasi safi anaamini. Ndiyo maana uombe picha. Ombi lako liwe la maandishi, litaje namba ya deni, na useme: nionyesheni picha ya gari, saa, na mahali. Probox lako kama ni jeupe na picha ina boneti ya bluu, yamekwisha. Kama haikupigwa picha, ushahidi utakuwa wako peke yako: fundi akuandikie tarehe gari lilipoingia na lilipotoka, na uambatanishe risiti ya EFD ya vipuri, kwa kuwa ile ina tarehe na saa. Mwone fundi wiki hii. Mafundi wanakumbuka magari, tarehe hawazikumbuki.

SWALI: Mzee, kuna mtu anauza plastiki za kufunika pleti namba, anasema kamera haisomi. Wengine wanabandika herufi za mapambo. Ni kosa?
*Kijana, Sahare*

JIBU: Usiweke. Kamera nyingi za kazi hii zina taa ya miale ambayo jicho halioni, na pleti imetengenezwa irudishe mwanga, kwa hiyo plastiki nyingi za moshi haziisumbui kamera. Zinamsumbua askari wa barabarani, naye atakusimamisha. Na zile herufi za mapambo ni hatari zaidi. Kamera itakusoma, ila itakusoma vibaya, na deni lako litamwangukia mtu ambaye gari lake liko kwa fundi Pongwe. Umesoma barua ya yule mama hapo juu.

Ujue pia kazi hii ilianzia wapi. Kitengo cha utafiti cha polisi wa Uingereza ndicho kilichoibuni mwaka 1976, na mwaka 1981 ndipo mtu wa kwanza akakamatwa kwa gari la wizi lililotambuliwa na kamera ya namna hii. Maegesho yalifuata baadaye. Gari lako likiibwa usiku utatamani pleti yako isomeke kutoka ng’ambo ya barabara.

SWALI: Ndugu mhariri, nilikuwa Uingereza kumtembelea binti yangu. Nikaendesha gari lake hadi duka kubwa, nikaegesha, hapakuwa na geti, mlinzi wala tiketi. Baada ya siku kadhaa ikaja barua kwa jina la binti, ina picha za gari likiingia na likitoka, wanadai pesa. Binti anasema huenda ni matapeli. Mimi sina raha, nimemletea mtoto deni.
*Babu wa Raskazone*

JIBU: Babu, shikamoo. Usione haya. Mgeni yeyote aliyezoea geti na mlinzi angefanya ulivyofanya. Kule maegesho mengi ya maduka hayana geti. Kuna kamera ya kuingilia na kutokea, na ubao wa masharti umepigwa ukutani au kwenye nguzo: saa mbili bure, au andika namba ya gari lako kwenye kioo cha mashine mle dukani. Ukikosea herufi moja pale kwenye kioo, barua inakuja vilevile.

Matapeli wapo, kwa hiyo binti asibonyeze kiungo chochote cha kwenye simu. Ila barua ya posta yenye picha mbili za gari lake aichukulie kuwa ya kweli na asiitupe. Kwa England na Wales kuna sheria ya mwaka 2012 inayoyaruhusu makampuni ya maegesho kumdai mwenye gari aliyesajiliwa pale dereva asipojulikana, lakini kwa masharti. Mojawapo: kama hawakuacha karatasi kwenye kioo cha gari, barua iwe imemfikia ndani ya siku 14 tangu siku inayofuata ile ya kuegesha. Ahesabu tarehe.

Kisha azitazame saa zilizo kwenye picha. Kamera haipimi muda ulioegesha, inapima tangu ulipopita mlangoni hadi ulipotoka. Dakika ulizozunguka kutafuta nafasi na dakika za foleni ya kutoka zote zimo. Kama umezidisha kwa dakika chache, hiyo ni hoja ya rufaa, na rufaa huandikwa kwanza kwa kampuni yenyewe. Risiti ya dukani kama bado ipo mfukoni mwa koti, mtumie picha yake leo.

SWALI: Mzee wangu, naendesha Noah ya kukodi, Tanga na Dar. Mwezi jana niliteremsha familia kwenye jengo moja la maduka Dar saa 3 asubuhi, nikatoka baada ya dakika 20. Saa 11 jioni nikarudi kuwachukua, saa 12 natoka mashine inanidai saa 9. Namwambia yule dada wa getini nilitoka asubuhi, anasema anaona niliingia saa 3 na sijatoka. Watoto wanalia, magari nyuma yanapiga honi. Nikalipa. Nilikosea wapi?
*Dereva, Makorora*

JIBU: Hukukosea popote. Siku yako ilikuwa na picha nne: umeingia, umetoka, umeingia, umetoka. Mashine ikakosa mbili za katikati, ikashona ya kwanza na ya mwisho.

Kwa nini ilizikosa? Nakisia kwa niliyoyaona. Noah imetoka Japani, na kule nyuma imeachiwa nafasi ya pleti fupi, sentimita 33 kwa 16 na nusu. Kwa hiyo wengi wetu tunafunga pleti ndefu ya mstari mmoja mbele, na ya mistari miwili nyuma. Kamera inayotazama uso wa gari inasoma vizuri, inayotazama mgongo inasoma mstari wa juu na kuuacha wa chini, au inaona namba mbili. Sasa ongeza buti lililo wazi limefungwa kamba kwa sababu ya magunia ya machungwa ya Muheza, na pleti yote imeangalia juu mawinguni. Au ulikuwa nyuma ya gari jingine karibu mno, mti wa kizuizi cha getini ukainuka mara moja mkapita wawili.

Waandikie uwaombe picha zote za namba yako za siku ile. Usiombe picha ya kutoka tu, omba zote, pamoja na zile ambazo mashine haikuwa na uhakika nazo, kwa kuwa mara nyingi picha ipo ila imehifadhiwa kwa namba iliyosomwa nusu. Ambatanisha ujumbe wa simu wa mafuta uliyolipia mchana kituoni, kama upo. Safari nyingine, ukitoka, piga picha ya geti nyuma yako ikiwa na saa. Inachosha, najua, na si haki dereva awe karani wa maegesho ya mtu mwingine, lakini kwa sasa ndivyo ilivyo.

Yule dada wa getini usimchukie. Nimekuwa yeye. Mwaka wangu wa mwisho kazini alifika mama mmoja jioni, mtoto amemlaza kiti cha nyuma, homa imempanda hadi midomo imekauka. Alikuwa amelipa, risiti mkononi, lakini kamera ya kutokea ilisoma 3 ikaona 8 na mti haukuinuka. Mimi nilikuwa naiona namba kwa macho yangu, hatua mbili kutoka bampa. Naiona ni tatu. Sikuwa na kitufe cha kusema ni tatu. Ufunguo wa kuuinua mti kwa mkono ulikuwa umefungiwa kabatini, mwenye kabati kaenda kuswali magharibi. Tulikaa dakika 14. Mama yule aliacha kunisemesha, akawa anampepea mtoto kwa ile risiti.

Kesho yake niliomba ufunguo ukae getini, kwa yeyote aliye zamu, na daftari la kuandika kila unapotumika na kwa sababu gani. Walikubali baada ya wiki mbili. Wenye maegesho yenye kamera mnaosoma gazeti hili, hapa Tanga na huko Dar, nawaomba hilohilo: ufunguo na kitufe cha kusahihisha namba viwe kwa mtu anayeliona gari.