Maswali ya Wasomaji: Picha za Vita za Kiwanja cha Eastleigh

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa kibarua katika kiwanja cha ndege cha Eastleigh, Nairobi, naye alipofariki alituachia bahasha yenye picha kadhaa. Nyuma ya nyingi pameandikwa kwa penseli "Eastleigh", na nyuma ya moja "Nairobi West". Katika picha moja ipo ndege yenye injini mbili ambayo mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa ndege ameniambia ni ya Kijerumani. Katika nyingine ipo ndege kubwa mno yenye injini nne, na vijana wa Kiafrika wamesimama chini ya bawa lake. Mama anasema picha zote ni za vita vya Hitler. Je, ndege ya Wajerumani ilifikaje Nairobi? Picha hizi ni za vita vimoja kweli? Mahali hapo pana nini leo, nami naweza kwenda kupiga picha za kulinganisha? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Ndugu msomaji, mzee huyo hakukosea. Ndege hiyo yaelekea ni Junkers Ju 86, ambayo asili yake ni Ujerumani, lakini si Wajerumani walioileta Nairobi. Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilinunua ndege za aina hiyo kabla ya vita ili zibebe abiria. Vita vilipozuka mwaka 1939, serikali ya nchi hiyo ilizichukua, ikazifunga bunduki na vifaa vya kuangushia mabomu, ikazikabidhi kwa Kikosi cha 12 cha jeshi lake la anga. Italia ilipojitosa vitani tarehe 10 Juni 1940, huku ikiwa tayari inatawala Abyssinia na sehemu kubwa ya Somalia, Kenya ilijikuta ghafla imepakana na adui, na marubani wa Afrika Kusini waliokuwa wametumwa huku wakawa miongoni mwa wa kwanza kushambulia ngome za Waitalia katika mpaka wa kaskazini. Waitalia nao walijibu kwa kupiga viwanja vya upande wetu, kikiwamo cha Wajir. Kiwanja cha Eastleigh, kilichofunguliwa rasmi mwaka huohuo wa 1940 kikiwa kituo cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilikuwa nyuma ya mstari wa mapigano. Huko ndiko ndege zilikotengenezwa, vikosi vilikopangwa na vipuri vilikopokewa, kabla ya majeshi kuingia Mogadishu mwezi Februari 1941 na Addis Ababa mwezi Aprili.

Iwapo ungependa kuhakikisha kwamba ni Ju 86, tazama mkia wake: una mapezi mawili yaliyosimama, moja kila upande. Ukiona ndege ya Kijerumani yenye injini tatu, moja ikiwa puani, na ngozi ya mwili wake ina migongo kama bati la kuezekea, hiyo ni Junkers Ju 52, ambayo nayo ilitoka katika shirika hilohilo la Afrika Kusini na ilitumika kusafirisha watu na mizigo. Usitegemee alama ya duara iliyo ubavuni. Duara la Waingereza lilikuwa na kitone chekundu katikati, na la Afrika Kusini kitone cha rangi ya chungwa, lakini katika filamu ya nyeusi na nyeupe rangi hizo mbili hukaribiana hata mtu mwenye macho makali akakosea.

Sasa nije kwenye ndege yako ya injini nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo picha yenye uzito zaidi katika bahasha hiyo. Ikiwa nayo ina mapezi mawili mkiani, basi yaelekea ni Avro Lincoln, na hapo mama yako itabidi asamehewe, kwa maana Lincoln haikupigana katika vita vya Hitler hata kidogo. Iliingia katika vikosi vya Uingereza mwaka 1945, vita vikiwa ukingoni. Ililetwa Eastleigh mwezi Novemba 1953, mwaka mmoja baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari nchini, na ndege za aina hiyo ziliendelea kupokezana zamu pale hadi mwaka 1955. Kazi yake ilikuwa kuangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walikojificha wapiganaji wa Mau Mau. Ikiwa ndiyo hiyo, basi picha zako ni za vita viwili, na kati ya picha ya kwanza na ya pili imepita zaidi ya miaka kumi.

Ninakuomba uitazame tena picha hiyo ukijua hivyo. Vijana wanaosimama chini ya bawa hawakuitengeneza vita ile, na huenda baadhi yao walikuwa na ndugu msituni au katika kambi za kizuizini. Walikuwa wakitafuta mshahara wao kama babu yako. Katika picha rasmi za kijeshi za miaka ile, rubani hutajwa kwa jina na cheo, ndege hutajwa kwa aina na namba yake, lakini wanaume wanaosukuma bawa, wanaobeba mapipa ya mafuta na wanaosawazisha njia ya kurukia huitwa tu "wenyeji" au hawatajwi kabisa. Hilo linaniuma kila ninapoziona. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili maelfu ya watu wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika vikosi vya kazi za mikono vya jeshi, na baadaye, katika hali ya hatari, mahabusu wa Mau Mau walitumiwa kujenga kiwanja kipya cha Embakasi. Bahasha yako ina jambo ambalo hifadhi nyingi za ng'ambo hazina, nalo ni kwamba unajua jina la mtu mmoja kati yao. Kama wapo wazee wa rika lake ambao bado wako hai, wapelekee picha hizo mapema, waulize nani ni nani, na uandike majibu yao.

Kuhusu hali ya leo, kiwanja hakikutoweka. Baada ya vita kilitumiwa pia na ndege za abiria, na ndipo aliposhuka Binti Mfalme Elizabeth mwezi Februari 1952, siku chache kabla baba yake hajafariki. Embakasi ilipofunguliwa mwezi Mei 1958, abiria walihamia huko, na Eastleigh ikabaki mikononi mwa wanajeshi. Kenya ilipounda jeshi lake la anga tarehe 1 Juni 1964, ndipo lilipofanya makao yake. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilifanywa na askari wa jeshi hilo, na jina la Rais Moi likaja kubandikwa kwenye kambi. Leo ni Moi Air Base, na njia ya kurukia bado ipo, upande wa mashariki wa mtaa wa Isili, yaani Eastleigh, ambao wengi wetu tunaujua kwa maduka ya nguo na hoteli kuliko kwa ndege.

Kwa sababu hiyo sikushauri kabisa uende na kamera. Kupiga picha za kambi ya jeshi bila kibali ni kosa, hata ukiwa umesimama juu ya ghorofa ya mtu binafsi nje ya ua. Kama kulinganisha ndiyo haja yako, andika barua ya kuomba ruhusa kwa Wizara ya Ulinzi, ueleze babu yako alikuwa nani, na uambatishe nakala za picha, kamwe si picha zenyewe.

Ile picha moja iliyoandikwa "Nairobi West" ina bahati zaidi, kwa maana kiwanja hicho unaweza kukitembelea. Ndicho Wilson Airport ya sasa. Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la ndege mwaka 1929, na vita vilipoanza ndege na marubani wake waliingizwa katika kikosi cha akiba cha anga cha Kenya, shirika likafa. Uwanja huo ulipewa jina lake mwaka 1962. Leo huko ndiko zinakopaa ndege ndogo zinazopeleka watalii Maasai Mara, madaktari wa Amref wanaokwenda kuwachukua wagonjwa mashambani, na wanafunzi wa urubani. Klabu ya marubani iliyoundwa mwaka 1927 ingali pale. Kwa picha yenyewe, tazama vilima vya Ngong: kutoka Wilson viko karibu na vinasimama vikubwa nyuma ya uwanja, ilhali kutoka Eastleigh viko mbali, ng'ambo ya mji mzima.

SWALI: Mimi pia ninazo picha kama hizo, za kiwanja cha Nanyuki, lakini mchwa na unyevu vimeanza kuzila. Nizihifadhi vipi, na je, nizipeleke wapi? (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Nanyuki ilikuwa mahali pa kuwafunzia marubani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na leo ni Laikipia Air Base, kwa hiyo onyo nililompa msomaji wa Kakamega linakuhusu pia.

Ikiwa picha ziko katika albamu ya plastiki yenye gundi, zitoe leo hii, maana gundi hiyo huharibu kuliko mchwa. Zile zilizoshikana usizibandue kwa nguvu, zipige picha zikiwa hapohapo. Usizibandike utepe, usizifute kwa maji, wala usiandike nyuma kwa kalamu ya wino, bali kwa penseli laini. Zitenganishe kwa karatasi safi isiyo na asidi, uziweke ndani ya sanduku la bati kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni. Piga nakala ya mbele na ya nyuma pia, kwa sababu maandishi ya nyuma, hata yakiwa neno moja, mara nyingi ndiyo ushahidi wa pekee wa mahali na mwaka. Picha halisi zibaki kwenu kama familia inataka hivyo, ila nakala zipeleke katika Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa Bank of India katika Barabara ya Moi, Nairobi, pamoja na karatasi inayotaja kila mtu aliyetambuliwa na aliyemtambua.