Blanketi zimerudishwa, dirisha liko wazi: kituo cha wanyama kinataka nini wakati wa baridi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na wenzangu watano tumeamua kukisaidia kituo cha mbwa na paka waliotelekezwa majira haya ya baridi. Tulikusanya blanketi, mito na mifarishi, tukapeleka. Msimamizi akapokea taulo na blanketi chache, vingine akaturudishia, akasema tukiweza tumletee mabua ya ngano. Tukashangaa zaidi kuona nje kumeganda barafu, lakini dirisha la banda la mbwa liko wazi. Kweli hawa wanajua wanachofanya? Na sisi tusaidie vipi?

JIBU: Marahaba. Wanajua, tena vizuri. Adui mkubwa wa mnyama aliyefungiwa bandani wakati wa baridi ni unyevu, na hayo yote mawili yaliyowashangaza yanatokana na hilo.

Tuanze na mabua. Bua la ngano lina uwazi ndani kama mrija. Ukiyarundika, hewa inanaswa humo, mbwa anajichimbia, na joto la mwili wake mwenyewe linabaki naye. Maji yakimwagika, mengi huchuruzika hadi chini. Blanketi linafyonza kila kitu: mkojo, maji ya bakuli, hata mvuke wa pumzi. Kwenye kibanda cha nje litaganda liwe gumu kama ubao, na anayelilalia linamnyonya joto badala ya kumpa. Ila mkienda kununua, msichanganye mabua na nyasi kavu za kulishia ng'ombe. Kwa macho zinafanana, lakini nyasi hushika maji na kuota ukungu. Kipimo changu ni kiganja: nakitumbukiza hadi chini kabisa ya malalo, kikitoka na unyevunyevu, mabua yote yanabadilishwa.

Taulo na blanketi nyepesi zina kazi ndani ya jengo, hasa kwa waliotoka kufanyiwa upasuaji. Mito na mifarishi hapana. Mbwa mwenye upweke huichana usiku mmoja na kumeza kilichomo. Mimi mwenyewe nimewahi kupasua tumbo la mbwa nikatoa donge la sufi lililoziba utumbo.

Sasa dirisha. Mkienda tena, chuchumaeni mpaka pua zenu ziwe kwenye kimo cha pua ya mbwa. Mkisikia amonia, ile harufu kali itokanayo na mkojo, inachoma macho, hewa ya banda hilo ni mbovu, hata kama aliyesimama hasikii kitu. Banda likizibwa kabisa, mvuke na amonia hujaa, njia za hewa huwashwa, na kikohozi cha mbwa mmoja huwa cha wote. Kwa paka ni yale mafua yao ya virusi. Cha kuangalia ni kwamba dirisha liwe juu, upepo usiwapige walipolala, na malalo yainuliwe kutoka sakafuni. Sakafu ya saruji humtesa zaidi mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma.

Hapo mikono yenu sita ina thamani kuliko blanketi. Kuua virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwatapisha mbwa hadi kufa, kwa klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu 1 kwa 32 za maji, sakafu iliyokwisha kusafishwa uchafu inapaswa kubaki imelowa dakika 10, kisha isuuzwe na ikaushwe kabla mbwa hajarudishwa. Kwenye baridi kukauka huko kunachukua muda mrefu, na mfanyakazi aliye peke yake atashawishika kumrudisha mbwa kwenye maji. Jitoleeni kukausha.

Mkiweza, chukueni mnyama mmoja mmoja mkamlee nyumbani kwa muda. Lakini mkipewa vitoto vichanga, sikilizeni. Mtoto wa mbwa wa wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ili apate joto. Mkimkuta wa baridi, amelegea, msimpe maziwa. Utumbo uliopoa hausagi chakula, na maziwa yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni. Kwanza mpasheni joto taratibu, kwa saa moja au zaidi, kifuani kwako au kando ya chupa ya maji ya moto iliyoviringishiwa taulo, kando yake, siyo juu yake, maana hana nguvu ya kujisogeza akiungua. Wakati huohuo mpigieni daktari. Wengi wa wale ninaoletewa wakiwa wamechelewa walilishwa na mtu mwenye huruma.

Fedha? Kidogo kila mwezi ni bora kuliko kubwa mara moja, maana sikukuu zikipita wafadhili hupungua na bili ya umeme haipungui.

Kabla ya kukusanya kitu kingine chochote, mpigieni msimamizi mumuulize kama mashine ya kufulia inafanya kazi. Nimeona kituo chenye blanketi hadi darini, na mbwa wamelala juu ya magazeti kwa sababu hakuna lililo safi na kavu.