Mwaka wa Kimbunga

Mtama, Lindi

Mwanangu,

Barua yako imefika, sisi hatujambo. Unauliza hiyo programu ya jerontolojia, elimu ya uzee na wazee, mnayotaka kuianzisha chuoni ikae wapi, kitivo cha tiba au ustawi wa jamii. Mimi ni tabibu mstaafu wa zahanati, vitivo sivijui. Wazee nawajua, na sasa nimo kundini.

Juzi nilimsindikiza yule bibi aliyekuwa akikugawia mabibo. Alikwenda kuandikishwa kwenye ofisi moja. Karani akamwuliza kazaliwa mwaka gani. "Mama alinibeba mgongoni, upepo unaezua nyumba." Karani akacheka, akamkadiria kwa macho: 1968. Jamani, kimbunga hicho kilipiga Lindi Aprili 1952! Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inauhesabu uzee kuanzia miaka 60, na matibabu ya bure kwa wasio na uwezo yanafuata hesabu hiyohiyo; kwa 1968 ya karani, bibi bado hajafika. Kisha akaambiwa aweke kidole kwenye mashine. Haikusoma. Kidole kile kimebangua korosho miaka mingi, mafuta ya ganda yameila ngozi ikabaki laini kama kokoto ya mtoni.

Sasa niambie, hiyo ni tiba au ustawi?

Mkiiweka chini ya tiba, wanafunzi watasoma presha, sukari na magoti basi. Ndivyo nilivyofanya mimi. Nimegawa dawa za maumivu kwa mabibi wangapi bila kuuliza nani anawatekea maji, na wajukuu wangapi wanalala kwao! Ile shule ya jerontolojia ya Leonard Davis, kule Los Angeles, Marekani, uliyonitajia, ya tangu 1975, inasimama peke yake. Nanyi simameni hivyo, muazime walimu wa tiba, sheria, hata uchumi. Wa uchumi wavuke Zanzibar, wanakolipa pensheni jamii tangu 2016 kwa waliofika miaka 70.

Ila mwaka wa kwanza waleteni huku, watengeneze kalenda ya matukio kata kwa kata: mashamba ya karanga ya Nachingwea (1947 hadi 1951), kimbunga, reli ilipong'olewa, watu walipohamishiwa vijijini. Bila kalenda hiyo mtapimaje uzee wa mtu asiye na cheti?

Bibi anarudi ofisini Alhamisi. Barua ya kueleza umri wake nimeiandika mimi, mtendaji wa kijiji ameigonga muhuri. Bibi amenitaka nimsomee mara mbili pale penye upepo.

Baba yako