Maji ya tumboni: je, ni ini peke yake?

SWALI: Daktari, kaka yangu ana umri wa miaka 41 na ini lake lina makovu yaliyotokana na homa ya ini B. Sasa tumbo limejaa maji, anaharisha, na husokotwa kila amalizapo kula. Kipimo cha damu kimeonyesha eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) asilimia 32, na dawa za minyoo alizomeza mara mbili hazikuzishusha. Tunaambiwa ni ini tu. Je, kuna ugonjwa mwingine?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa kuuguza. Ini lenye makovu laweza kueleza maji hayo, lakini halielezi eosinofili asilimia 32, wakati kwa kawaida seli hizo hazizidi sana asilimia 5.

Minyoo bado haijaondolewa kwenye hesabu. Strongiloidi, mnyoo unaoingia kupitia ngozi ya mtu akanyagaye udongo peku, mara nyingi haufi kwa dozi moja ya dawa ya minyoo albendazoli, nao hukwepa kipimo kimoja cha choo. Kwa hiyo choo kipimwe zaidi ya mara moja, na kichocho kichunguzwe pia.

Hayo yakikosekana, ndipo tufikirie ugonjwa adimu ambao eosinofili huvamia kuta za tumbo na utumbo. Zikifika tabaka la nje, maji hujaa tumboni, na kwa mgonjwa wa ini kila mtu huyahesabu kuwa ya ini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maji yakitolewa yasimwagwe kabla sampuli haijafika maabara. Albumini (aina ya protini) ya damu ikiizidi ya maji kwa gramu 1.1 au zaidi kwa desilita, shinikizo la mishipa ya ini linahusika. Lakini mtu aweza kuwa na maradhi yote mawili, hivyo eosinofili za maji nazo zihesabiwe, na maambukizi, pamoja na kifua kikuu cha tumbo, yatafutwe.

Kisha bingwa ampime kwa kamera na kuchukua vinyama kadhaa, hata mahali panapoonekana pazima, kwa kuwa ugonjwa huu hukaa kwa mabaka. Kwa kaka yako, kuganda kwa damu kupimwe kwanza, na mishipa iliyovimba ya koo la chakula iangaliwe.

Predinisoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, huusaidia ugonjwa huu, lakini nakusihi msiinunue wenyewe dukani: ikitangulia kabla ya strongiloidi kutibiwa, minyoo yaweza kusambaa mwilini na kumuua, na virusi vya homa ya ini B vyaweza kuamka asipopewa tenofoviri, dawa ya kuvizuia.