Tetemeko la ardhi hupimwaje? Majibu ya maswali yenu

Kila likitangazwa tetemeko kubwa, maswali huja kwa wingi, na mengi yanahusu ile namba ya ukubwa wa tetemeko inayosomwa kwenye taarifa ya habari. Nimeyachagua machache na kuyajibu kwa zamu. Niseme mapema ninachokiona muhimu kuliko yote: namba ile inaeleza kilichotokea chini ya ardhi, haielezi kilichowapata watu walio juu yake.

Kama mabamba ya dunia yanasogea polepole, mtikisiko wa ghafla unatoka wapi?

Mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, husogea sentimita chache tu kwa mwaka, bila kupumzika. Tatizo liko pale yanapopakana, kwenye ufa. Hapo miamba imebanana na msuguano unaizuia isiteleze. Bamba linaendelea kusukuma, kingo zake zimeng'ang'ania, na mwamba unapinda kidogo kidogo kama fimbo inayokunjwa, kwa miaka makumi au mamia. Siku msuguano unaposhindwa, pande mbili za ufa zinateleza kwa sekunde chache umbali ambao zilizuiwa kuuteleza muda wote huo. Nguvu iliyokuwa imelimbikizwa inatoka, na sehemu yake inasafiri kama mawimbi. Hayo mawimbi ndiyo tunayoyaita tetemeko.

Ushahidi ulipatikana California baada ya tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906. Nyua za mashamba zilizokuwa zimenyooka kuvuka ufa wa San Andreas zilikutwa zimekatika, kipande kimoja kimesogea mita kadhaa kutoka kwa mwenzake. Barabara moja karibu na Tomales Bay ilihama karibu mita 6. Mtaalamu wa Marekani, Harry Fielding Reid, alilinganisha vipimo vya wapima ardhi vya miaka mingi kabla ya tetemeko na vile vilivyochukuliwa baada yake. Akaona kwamba sehemu zilizo mbali na ufa zilikuwa zimekwisha kusogea kabla ya 1906, na zile zilizo karibu ndizo zilizoruka siku hiyo. Maelezo aliyoyatoa mwaka 1910 bado ndiyo msingi wa elimu hii.

Wataalamu wako nchi nyingine kabisa. Wanajuaje kitovu kiko wapi?

Wanasoma saa. (Kitovu ni mahali juu ya ardhi palipo wima juu ya chanzo cha tetemeko.) Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya mwamba. La kwanza, wimbi la P, husukuma na kuvuta mwamba kwa kufuata njia linakoelekea, na kwenye ganda la dunia huenda takriban kilomita 6 kwa sekunde. La pili, wimbi la S, hutikisa mwamba kwa upande na huenda takriban kilomita 3.5 kwa sekunde. Yanaondoka pamoja lakini hayafiki pamoja, na kadiri kituo kilivyo mbali ndivyo yanavyozidi kuachana.

Tuseme kituo kimoja kimepokea P saa 2:14:20 na S saa 2:14:45. Tofauti ni sekunde 25. Kwa matetemeko yasiyo mbali sana, kila sekunde ya tofauti ni kama kilomita 8 za umbali, kwa hiyo tetemeko liko kilomita 200 hivi kutoka kituoni. Upande gani? Kituo kimoja kwa njia hii hakiwezi kusema. Unachora duara la kilomita 200 kukizunguka, na kitovu kiko mahali fulani kwenye mstari wa duara hilo. Kituo cha pili kinatoa duara lake, na mawili hayo yanakatana sehemu mbili. Cha tatu kinaamua ni ipi.

Kwenye karatasi maduara haya yanaonekana safi, lakini kazi halisi ina ukaidi wake. Maduara matatu karibu kamwe hayakutani kwenye nukta moja, kwa sababu tetemeko halitokei juu ya ardhi bali chini yake, na mwamba wa huku haupitishi mawimbi kwa kasi sawa na wa kule. Ndiyo maana siku hizi kompyuta hukisia mahali, kina na wakati, hukokotoa mawimbi yangefika saa ngapi katika vituo vyote, hulinganisha na saa zilizorekodiwa, kisha husahihisha kisio. Hurudia hivyo mpaka tofauti iliyobaki iwe ndogo kabisa. Saa za vituo zikipishana, hesabu yote inaharibika, kwa hiyo vituo hurekebisha saa zao kwa kutumia setilaiti.

Chombo chenyewe, sismomita, kimejengwa juu ya wazo rahisi: uzito ulioning'inizwa hukawia kuifuata ardhi inaposogea ghafla. Kinachorekodiwa ni tofauti ya mwendo kati ya huo uzito na ardhi.

Tetemeko la 6 ni mara mbili ya la 3?

Hapana, hata kidogo. Kila unapopanda namba moja, mtikisiko unaoandikwa na chombo huwa mkubwa mara 10, na nishati inayotoka huongezeka takriban mara 32. Kutoka 3 hadi 6 ni hatua tatu, kwa hiyo nishati imezidi zaidi ya mara 31,000.

Hapa pia ndipo penye jibu la aliyeuliza kama matetemeko madogo "yanapunguza" lile kubwa. Ili kufikia nishati ya tetemeko moja la 8, yangehitajika kama 1,000 ya ukubwa wa 6. Hayatokei mengi kiasi hicho.

Kwa nini namba inabadilika baada ya saa chache? Wanatuficha kitu?

Hakuna kinachofichwa. Mtaalamu wa matetemeko wa Marekani, Charles Richter, alipotoa kipimo chake mwaka 1935, alipima urefu wa wimbi kwenye aina moja ya chombo, kwa matetemeko ya kusini mwa California. Kilifaa kwa kazi hiyo. Kwa matetemeko makubwa mno kinagoma: ufa unaendelea kupasuka lakini mawimbi mafupi hayaongezeki tena, namba inadumaa. Kwa hiyo wataalamu sasa hutumia kipimo kilichotolewa mwaka 1979 na Thomas Hanks na Hiroo Kanamori, kinachozingatia eneo la ufa lililoteleza, umbali lililoteleza, na ugumu wa mwamba. Vyombo vya habari vingi bado husema "vipimo vya Richter" kwa mazoea tu.

Kipimo hiki kipya kinahitaji mawimbi marefu, nayo yanahitaji muda. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa lilipoipiga Japani, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilikadiria 7.9 ndani ya dakika tatu, na tahadhari ya kwanza ya tsunami ikatolewa kwa msingi huo. Baadaye ukubwa ulithibitishwa kuwa 9.0. Mawimbi ya bahari yaliyofika yalizidi sana yale yaliyotabiriwa. Tangu 2013, tetemeko likionekana kuwa kubwa kupita kiasi, idara hiyo haitaji kwanza urefu wa wimbi kwa mita. Husema tu kwamba wimbi ni kubwa mno. Naona ni uamuzi wa busara sana, kwa sababu namba ndogo iliyotangazwa mapema inaweza kumfanya mtu asikimbie.

Mbona tetemeko la 7 linaua maelfu na la 8 halifanyi kitu?

Mwezi Mei 2013 lilitokea tetemeko la 8.3 chini ya Bahari ya Okhotsk, kina cha takriban kilomita 600. Lilisikika hadi Moscow, lakini madhara yalikuwa kidogo. Lile la Haiti la Januari 2010 lilikuwa 7.0, lakini lilikuwa na kina kifupi, karibu na Port-au-Prince, mji wenye majengo dhaifu na watu wengi.

Udongo nao una kauli yake. Mwaka 1985 Mexico City iliharibiwa na tetemeko ambalo kitovu chake kilikuwa zaidi ya kilomita 300 mbali. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale, na tope hilo liliukuza mtikisiko, hasa wa mwendo wa pole, uliolingana na kuyumba kwa majengo ya ghorofa za kati. Hayo ndiyo yaliyoanguka zaidi.

Je, linaweza kutabiriwa?

Siku na saa, hapana. Kinachowezekana ni kuonya likishaanza, kwa kuwa mawasiliano ya umeme huyapita mawimbi ya ardhi. Mexico ina vyombo pwani, na tetemeko likianzia huko, mji mkuu unaweza kupata hadi dakika moja ya kujiokoa.

Nimeona tetemeko la "-1". Ni kosa?

Si kosa. Richter aliweka sifuri chini kabisa ya alichoweza kurekodi kwa vyombo vyake. Vyombo vya leo husikia madogo zaidi ya hayo.